Nani Huliongoza Jicho: Kinachong'aa au Kinachotafutwa?

Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto, kisha uhamie la kulia. Hutaliona likisogea, ingawa aliye kando yako ataliona waziwazi, kwa sababu ubongo hufifisha uoni kwa muda mfupi kila macho yanaporuka. Miruko hiyo hutokea takriban mara tatu kwa sekunde, na haiepukiki: sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayoona kwa ukali kamili hukamata eneo linaloonekana kukaribia upana wa ukucha wa kidole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kila mruko, basi, ni uchaguzi, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu anayeufanya.

Wapo wanaosema kwamba kitu chenyewe ndicho kinacholivuta jicho. Mwaka 1998 Laurent Itti, Christof Koch na Ernst Niebur walichapisha modeli ya kompyuta inayopima rangi, mwangaza na mwelekeo wa mistari, kisha kukadiria mahali patakapovuta macho. Hoja hiyo ina mashiko, maana kolikulasi ya juu, iliyomo katika ubongo wa kati, huweza kuyageuza macho kuelekea mwanga wa ghafla kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri.

Hata hivyo, wengine husema kwamba jicho huongozwa na kile mtu anachokitafuta, na ushahidi wa Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti, ni mgumu kuupuuza. Alimwonyesha mtu mchoro uleule wa Ilya Repin, wa mwanamume anayerejea nyumbani bila kutarajiwa, akabadilisha swali tu. Alipouliza umri wa watu waliochorwa, macho yalishikamana na nyuso. Alipouliza hali ya mali ya familia, yalihamia kwenye mavazi na samani. Mwaka 1999 Michael Land na wenzake walifuatilia macho ya watu wakitengeneza chai, wakaona kwamba jicho hutangulia mkono kwa takriban nusu sekunde na ni nadra kupotelea kwenye vitu visivyohusika.

Kwangu mimi hoja ya pili ina uzito zaidi, kwani ni nadra maishani mtu kutazama tu bila haja yoyote. Lakini haiifuti ya kwanza. Wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, wakiagizwa kutazama upande ulio kinyume na mwanga unaojitokeza, mara nyingi hushindwa na kuugeukia mwanga wenyewe, ingawa agizo wamelielewa vizuri. Mvuto huo, kwa hiyo, umo ndani yetu sote. Aliye mzima huuzuia kila mara bila kujua kwamba anafanya kazi hiyo.