Popo na Uyoga Katika Mwaloni Mmoja

Mialoni mikongwe ya kusini mwa Uingereza huhifadhi viumbe wawili adimu: popo wa Bechstein, mwenye masikio marefu na uzito wa takriban gramu 10, na Hericium erinaceus, uyoga mweupe unaoning'iniza miiba laini kama ndevu za mzee. Wote wanalindwa na sheria ya mwaka 1981, ila ulinzi haulingani. Tundu la popo haliruhusiwi kuharibiwa hata siku ambayo hayumo. Uyoga umekatazwa kuchumwa au kuharibiwa kwa makusudi, lakini mti ukiangushwa katika kazi halali na madhara yakawa hayaepukiki, mkataji ana pa kujitetea.

Wanaotanguliza popo wana hoja. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, hivyo kundi likiangamia pengo halizibiki upesi. Uyoga humwaga vijimbegu visivyohesabika, tena hulimwa kwenye mifuko ya vumbi la mbao. Wa nini kuuhangaikia?

Ni kwamba ule wa mifukoni hauchimbi mti. Wa msituni huingilia kwenye jeraha, mathalani pale tawi kubwa lilipovunjika, ukala kiini polepole kwa miongo. Kuvu wa aina hii ndio wanaomlainishia kigogota mbao, na tundu analolihama kigogota ndilo popo wa Bechstein hulipenda. Halafu kundi la majike huhama kila baada ya siku chache, likitumia makumi ya matundu kwa msimu. Kubakiza mti mmoja wenye popo na kukata jirani zake "wagonjwa" ni kumwachia mpangaji chumba na kubomoa mtaa.

Hilo neno "wagonjwa" ndilo tatizo. Kiini cha mwaloni mzee ni mbao mfu tangu hapo; maji hupita kwenye pete za nje. Chukua shina lenye nusu kipenyo cha sentimita 60, lililobaki na ukuta mzima wa sentimita 20. Kwa macho, mti huo umekwisha. Kwa hesabu, uwazi wa ndani una nusu kipenyo cha sentimita 40, yaani theluthi mbili ya 60, na theluthi mbili kwa kipeo cha nne ni 16 kwa 81: uwezo wa kuhimili kupinda umepungua kwa asilimia 20 tu. Ukuta ukiwa mwembamba zaidi, una ufa au umeoza upande mmoja, hesabu hiyo haifai tena, kwani shina linaweza kubonyea. Pima pande kadhaa, kisha punguza matawi kabla ya kufikiria kuangusha.

Kuna na kosa la msimu. Mpimaji huja Juni kwa ajili ya popo, anaandika "hakuna uyoga", ilhali nyuzi za kuvu zimejaa shinani. Uyoga wenyewe hujitokeza kuelekea vuli, hugeuka manjano, kisha huoza. Arudi Septemba au Oktoba na darubini, akague makovu ya matawi yaliyo juu.