Jongoo wa Miguu 238

Jamani, ile status mliyoiona, nimeiona na mimi. "Jongoo wa jamaa yetu hafiki elfu," na vikatuni kumi na vinne vya kucheka. Nimevihesabu, siku hizi nahesabu kila kitu. Najua wengine mmeshawaza ya mtungi. Mama mkwe wangu naye kaiona, maana rafiki yangu aliyeiweka alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi yetu na namba za wazee wote anazo hadi leo. Kwa hiyo niacheni nisimulie mwenyewe. Jongoo ninayemsema ni jongoo. Yule wa masika. Anayetambaa ukutani.

Rafiki yangu anafundisha Kiingereza sekondari moja hapa Morogoro. Shule siitaji, wanafunzi wake ndio wateja wangu wa kopi. Wiki mbili nyuma alipita steshenari akanikuta nimeikodolea kamusi kuukuu niliyoinunua kwa muuza vitabu vya chini. Mwishoni ina jedwali la namba za Kigiriki na Kilatini ambazo Waingereza wamejengea maneno yao. Uni na mono moja, bi mbili, tri tatu, penta tano, okto nane, senti mia, mile elfu. Nikamwambia, kaka, mtu akiimeza karatasi hii, nusu ya Kiingereza kigumu anakisia tu. Nusu! Sijui niliipima kwa rula gani. Akasema basi njoo Ijumaa uwape wanangu wa klabu.

Nikavaa shati jeupe. Lishikeni hilo shati, tutalihitaji.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sidanganyi. Kidato cha pili, kama arobaini hivi. Nikawapa baiskeli: bi ni mbili kwa Kilatini, kilichobaki ni gurudumu kwa Kigiriki, neno moja wazazi makabila mawili. Bajaji iko kwenye ukoo wa tri. Pweza wanamwita "octopus", okto nane, halafu miguu. Senti ni shilingi iliyokatwa mara mia. Kilo ni elfu ya Kigiriki, ndiyo maana kilo ya sukari ni gramu 1,000, mangi atake asitake. Nikapigiwa makofi ya kilo. Ningeaga pale pale, leo tungekuwa tunaongea habari za mpira.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Sir, kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa nane?"

Hilo nilikuwa nalo. Warumi wa kale mwaka wao ulianza Machi, kwa hiyo Septemba ilikuwa ya saba kweli na Desemba ya kumi. Januari na Februari zikaja kutangulizwa mbele, majina yakabaki na namba zao za zamani. Ndiyo maana sisi tunasema mwezi wa kumi na jina lenyewe linasema nane. Nikajiona profesa. Kabla sijashusha mabega, mwingine: "Sir, na Wapentekoste walikuwa watano?"

Darasa likavunjika. Pentekoste ni ya hamsini, siku ya hamsini ya Pasaka. Nililikumbuka hilo nikiwa kwenye daladala ya kurudi. Pale darasani nilisema, "Mambo ya dini tusiyaingilie." Rafiki yangu alikuwa dirishani, mabega yanamcheza.

Sasa badala ya kutafuta mlango, nikatafuta sifa. Nikasema hata wadudu wamehesabiwa. Tandu ni "centipede", miguu mia. Jongoo ni "millipede", miguu elfu. Nikainua kidole: "Elfu! Mzungu alikaa chini akahesabu."

Hiyo ya Mzungu kukaa chini haimo kwenye kamusi. Niliitunga nikiwa nimesimama.

Kijana wa dawati la nyuma akaomba kwenda nje. Nikamruhusu. Mimi. Kwa mdomo wangu.

Akarudi amebeba daftari kwa mikono miwili kama anayebeba trei ya mayai. Juu ya daftari, jongoo. Mrefu kama kiganja changu na vidole vyake, mweusi, anang'aa kama kiatu cha siku ya ukaguzi, na matone ya mvua bado mgongoni. Akamweka mezani kwangu, taratibu, kwa heshima zote.

"Sir, elfu huyu hapa. Tuhesabu?"

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepona. Madawati yakasogezwa, nikazungukwa na vichwa arobaini, nasikia pumzi zao. Nikamtazama rafiki yangu aniokoe. Akatoa simu.

Nikachomoa kalamu. Moja, mbili, tatu. Kuna mtu humu amewahi kuhesabu miguu ya jongoo? Haisimami. Inakwenda kwa mawimbi, kama mpunga upepo ukipita, na ukifika ishirini na saba, ule wa kumi umeshahama mtaa. Nikaanza upya. Nikaanza upya tena. Mara ya tatu ncha ya kalamu ikamgusa, akajikunja pete. "Aaaah!" darasa zima. Sauti moja ikasema, "Kakataa sensa."

Hapo ndipo mwalimu wa Baiolojia alipokuwa anapita koridoni. Hakuitwa na mtu. Akaingia, akachukua chaki, akasema miguu haihesabiwi hivyo, hesabuni pingili, kila pingili miguu minne. Ila ya kwanza nyuma ya kichwa haina kitu, na tatu zinazofuata zina miwili miwili. Tukasubiri jongoo ajikunjue. Watu wazima watatu na watoto arobaini, kimya, tunamsubiri jongoo. Akatoa kichwa, akapapasa hewa, akaona sisi bado tupo, akarudi. Tukasubiri tena.

Pingili 62. Mara nne, 248. Toa kumi za mbele. Miguu 238. Wakaandika kwenye madaftari. Na tarehe wakaweka.

Yule kijana akawa anapiga hesabu yake pembeni. Akainua kichwa. "Sir, elfu toa 238 inabaki 762. Miguu 762 iko wapi?"

Na hakuwa ananidhihaki. Angekuwa ananidhihaki ningemkaripia. Alikuwa anauliza kweli, kalamu mkononi, anasubiri jibu aliandike.

Nikasema labda bado anakua. Mwalimu wa Baiolojia akasema ni kweli, jongoo mdogo huongeza pingili kila anapojivua gamba. Moyo ukarudi. "Lakini huyu hata azeeke vipi," akaendelea, "elfu hafiki." Nikasema basi tuseme tandu, tandu ana mia yake. Akanionea huruma, nikaiona usoni. Akasema jozi za miguu ya tandu huwa witiri, na mia ni jozi hamsini, shufwa, kwa hiyo hata tandu mia kamili haimpati.

Kilichofuata nakipitia mbio. Nikamchukua jongoo nimrudishe nje, nitoke naye kama mtu mwenye roho nzuri. Akaniachia maji yake. Shati limekufa, vidole vya kahawia hadi leo, harufu msiniulize. Soda niliyoahidiwa sikuinywa. Na hakuning'ata! Anayewaambia nilipiga yowe kwa kung'atwa mwambieni jongoo hang'ati. Yowe lilikuwa la shati.

Usiku sikulala, nikapekua mtandaoni. Nikampata! Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza jongoo wa Australia mwenye miguu 1,306, wa kwanza kujulikana kupita elfu, kwa hiyo karne zote hizo jina lilikuwa linatembea bila mwenyewe. Mwembamba kama uzi, hana macho, alitolewa kwenye shimo la watafuta madini, mita 60 chini ya ardhi. Nikamtumia rafiki yangu saa sita kasoro usiku. Akajibu: "Mwite aje Ijumaa."

Leo asubuhi yule kijana kaja steshenari kutoa kopi kumi. Nikamtolea, nikamhesabia mbele yake, kumi. Akasema asante Sir, akasogea pembeni ya meza, akazihesabu tena.