Yoyo Iliyokataa Kurudi

Nilipomwambia Bibi kwamba mradi wangu wa mwisho chuoni ni yoyo, aliuliza kama karo tuliyolipa ilikuwa ya chekechea.

"Ni yoyo ya alumini, Bibi. Ya kukereza kwa mashine."

"Na wenzio watengeneza nini?"

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anatengeneza mashine ya kukuna nazi. Nikajitia kukohoa.

Lakini yoyo ya kisasa si mchezo. Ni nusu mbili za alumini, zangu zilikuwa na kipenyo cha milimita 56, zimeshikana kwa skrubu isiyo na kichwa ya milimita 4. Katikati imekaa beringi ndogo, milimita 12.7 kwa nje, na uzi unazunguka juu ya hiyo beringi. Uzito unausogeza ukingoni, maana ukikaa mbali na katikati ndipo kitu kizunguke muda mrefu. Nililenga gramu 66. Mizani ya muuza dhahabu ikasema 71, na mwenyewe akasema hata bure haichukui.

Kuchora kulinichukua wiki tatu, kukereza siku mbili. Alumini ina tabia ya kuganda kwenye kisu, kwa hiyo unaimwagia mafuta ya taa, na machicha yanatoka marefu yamejikunja kama tambi. Ijumaa nikapanda basi la Mokowe, kwenye gati la kuvukia kwenda kwetu Lamu, ninanuka kama kibatari. Kiti cha pembeni yangu kilikaa wazi njia nzima, na basi lilikuwa limejaa.

Babu yangu ni mkerezaji. Miguu ya vitanda aliyokereza hapa Lamu haina idadi, na vernia, kile kipimio cha milimita, hajawahi kuishika. Aliining'iniza yoyo, akaizungusha, akaigusisha ukucha ukingoni. Ukucha ukalia trrrr.

"Uliitoa kwenye mashine ukairudisha?"

"Nilipogeuza upande wa pili, ndiyo."

"Basi haikurudi pale pale."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye mguu wake wa kitanda. Mwalimu wetu jambo hilo hilo alilifundisha vipindi viwili na michoro ubaoni.

Ningetulia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Nikachukua ufunguo nikaikaza skrubu ili mtikisiko upungue. Ukapungua kweli. Nikakaza tena. Kitu kikasema krk. Nikajiambia ni mchanga.

Jioni nikaipeleka barazani. Wazee walikuwa kwenye bao, muuza kahawa ameshatua jiko lake la makaa, dele la shaba juu, finjani zimepangwa. Nikaamkia, nikatupa yoyo chini. Ikazunguka mwisho wa uzi, inavuma kama nyuki. Hata kete zikasimama.

"Ni pia hii," akasema mzee mmoja, "ila imefungwa kamba isitoroke."

Nikawaeleza kwamba asili yake si pia, na kwamba aliyefungua kiwanda cha yoyo kule California mwaka 1928 alikuwa Mfilipino, Pedro Flores. Mzee akasema Mfilipino aliwahi kusafiri naye melini, mtu mzuri sana, na je, sasa irudi.

Nikaivuta. Haikurudi.

"Mbona haiyi?" watoto wakauliza kwa pamoja.

Ndivyo yoyo nyingi za beringi zilivyo siku hizi. Uzi unateleza, ukivuta inakutazama tu. Mpaka uukunje uzi kwa ufundi, mkunjo uingie katikati, ugandwe na vipande vya silikoni vilivyobandikwa ndani, ndipo ipande. Nikawaeleza hayo yote, yoyo ikiendelea kuvuma.

"Kwa hiyo umetengeneza yoyo isiyorudi," akasema muuza kahawa.

"Hurudi ikiitwa vizuri."

"Iite."

Kumbe silikoni yenyewe nilikuwa nimeipaka asubuhi ile ile, ile ya kubandikia vioo, na haijakauka. Nilipokunja uzi, haikuushika bali iliung'ata. Yoyo ikapanda kama risasi, ikapita kiganja, ikapita sikio, na pale juu meno ya skrubu niliyoyala mwenyewe kwa kukaza yakaachia. Nusu zikaagana hewani.

Moja ilishuka juu ya dele. Ngaa! Kishikio cha kifuniko kikakatika, kikaingia kwenye bao, na hadi leo wapo wanaobishana kama ile ilihesabiwa kete. Nusu ya pili ilitua kwa ukingo wake kwenye kichochoro. Vichochoro vyetu vinateremkia baharini. Na mimi, kwa wiki tatu za michoro, nilikuwa nimehakikisha kwamba kitu hiki kikishaanza kuzunguka hakisimami.

Nikaikimbilia, watoto nyuma yangu wakiimba "Haiyi! Haiyi!" Ikapita chini ya tumbo la punda, ikamkwepa mama mwenye sinia la mahamri, ikagonga ukuta, ikajirekebisha. Nikafika ukingo wa gati kwa wakati wa kusikia chubwi. Maji yalikuwa yamejaa, bila shaka. Kidoleni nilibaki na kitanzi cha uzi na beringi inaning'inia, bado inazunguka.

Kesi iliamuliwa pale pale barazani, Babu akiwa hakimu. Kifuniko cha watu kimeharibika, kitengenezwe. Akaichukua nusu iliyobaki, akatoboa tundu katikati ya kifuniko, akaifunga juu yake kwa skrubu yangu mwenyewe, upande ambao meno yalikuwa mazima. Dele likawa limevaa kofia. Ila alumini inapitisha moto upesi sana, kwa hiyo muuza kahawa sasa hukishika kifuniko kwa kipande cha kikoi, na kila akikishika hunitaja.

Jumatatu mwalimu alinitaka niweke kazi yangu mezani. Nikaweka beringi, uzi, na picha ya dele. Aliitazama picha ile muda mrefu, halafu akaniuliza kifuniko kimekerezwa na nani, maana kimekaa katikati kabisa.