Mwalimu wa kujitolea kijijini: aajiriwe kwanza?

Kila Serikali ya Tanzania inapotangaza nafasi za ualimu, hoja ile ile huibuka bungeni na mitaani: wanaojitolea wafikiriwe kwanza. Wanaoiunga mkono wanauliza inakuwaje mtu aliyefundisha miaka mitatu bila mshahara apange foleni moja na ambaye hajashika chaki tangu amalize chuo. Wanaoipinga wanajibu kwamba ajira ya umma ni haki ya kila Mtanzania mwenye sifa, na usaili ndio mizani. Mimi nawaunga mkono wa kwanza, ila kwa masharti ambayo sijasikia wakiyataja.

Kwanza tuiangalie kazi yenyewe, maana wengi wanaijadili bila kuijua. Shule ya msingi yenye walimu watano au sita kwa madarasa saba na lile la awali haimpi anayejitolea kazi nyepesi. Mara nyingi anakabidhiwa darasa la kwanza au la pili, ambako ndiko kwenye watoto wengi. Asubuhi yuko mstarini anakagua usafi, kisha anaingia darasani na kuandika ubaoni: ba, be, bi, bo, bu. Watoto 90 wanaitikia kwa sauti moja hadi bati linatetemeka. Mgeni akipita nje atasema hawa wameiva. Mwalimu anafuta ubao, anaandika "bu" peke yake, anamwita mtoto mmoja mbele, naye anasoma "ba". Alichoshika ni wimbo, herufi bado hazijui. Ili kumgundua mtoto huyo lazima mtu mzima amsogelee, amsikilize peke yake, amrudie kesho. Mwalimu anayekimbia kati ya madarasa mawili hawezi. Mtoto huyo atavushwa, na kwenye upimaji wa darasa la nne atakaa mbele ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Jioni kuna maandalio ya masomo na rundo la madaftari ya kusahihisha. Malipo ni posho wanayochanga wazazi, pengine na mahindi, na miezi ya kulima, ghala likiwa tupu, hata hiyo hukatika.

Pengo hili lina historia. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma ikaamua kila mtoto wa umri wa kwenda shule aandikishwe ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wakijifunza kazi. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE, na jina la "mwalimu wa UPE" likageuka kuwa kejeli, jambo lisilo la haki kabisa kwa watu walioibeba nchi. Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, madarasa ya kwanza yalifurika tena. Lakini safari hii tatizo limegeuka. Miaka ya sabini nchi haikuwa na watu waliosomea ualimu. Leo wenye vyeti na shahada za ualimu wako mitaani kwa maelfu, kinachokosekana ni nafasi za ajira zilizotengewa fedha. Mwalimu wa UPE alikuwa na elimu ndogo na alilipwa. Wa leo ana shahada na halipwi.

Ndipo wapinzani wa hoja hii wanapopata nguvu, na nguvu yao ni kubwa kuliko wanavyokubali wenzetu wengi. Mtu akifundisha bure, pengo halionekani. Mwalimu mkuu anaandika kwenye ratiba kwamba kila somo lina mwalimu, na kilio cha kijiji hakifiki halmashauri kikiwa na uzito wake. Fedha ya ruzuku ambayo Serikali huipa shule, yaani shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, haikupangwa kulipa walimu. Kwa hiyo mzigo unarudi kwa wazazi wale wale walioambiwa elimu ni bila malipo. Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, alikuwa anawatetea wazazi hao, lakini posho ya anayejitolea nayo ilitoka kwenye mifuko hiyo hiyo.

Lipo pia suala la nani anaweza kujitolea. Binti wa mkulima aliyesomeshwa kwa mkopo, na nyumbani wadogo zake wanamsubiri, atauza dukani kwa mtu au atalima. Hana anayeweza kumlisha miaka mitatu akifundisha bure. Tukisema ajira kwanza kwa waliojitolea, tunampita yeye na kumchukua mwenye kwao kunakojiweza, kisha tunamsifu huyo wa pili kwa uzalendo. Hoja hii inanisumbua kuliko zote. Ile kwamba wengine wataleta barua za kughushi kuonyesha walijitolea ni ya kweli, ila ina dawa.

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba miaka ya kufundisha herufi kwenye darasa la watoto 90 ihesabiwe sifuri. Usaili wa saa chache hauoni kile anachokijua mwalimu aliyemtambua mtoto wa "ba" na "bu". Huo ni ujuzi wa kazi, na kuupuuza ni hasara kwa shule.

Ninachopendekeza ni kwamba kujitolea kuwe kwa mkataba wa halmashauri, si maelewano ya mdomo na mwalimu mkuu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inawasimamia walioajiriwa. Anayejitolea leo hana anayemlinda akidhulumiwa, wala mtoto hana wa kumlinda vya kutosha mwalimu huyo akikosea. Mkataba uwe na kikomo, tuseme mwaka mmoja, na posho itoke halmashauri ili hata binti wa mkulima aweze kuuingia. Mahudhurio yake yasainiwe na kupelekwa kwa afisa elimu kata kila mwezi, hapo barua ya kughushi haitakuwa na pa kujificha. Kwenye usaili apewe alama za nyongeza zenye ukomo, zisizoweza kumwangusha mwenye uwezo mkubwa zaidi. Na kila shule inayomtumia iendelee kuandikwa kwenye taarifa za halmashauri kuwa ina upungufu wa mwalimu mmoja, hadi aajiriwe mtu wa kuuziba.