Antibayotiki baada ya upasuaji wa saratani: zikome lini?

Mgonjwa ametolewa uvimbe, mshono unakauka vizuri, kisha siku ya sita anaanza kuhara maji, mara nne, mara tano kwa siku. Jamaa husingizia chakula. Huenda ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile, na aliyemfungulia njia ni dawa iliyokusudiwa kumlinda mgonjwa.

Utumbo mpana una bakteria wengi wasiodhuru, na wingi wao humnyima huyu nafasi. Antibayotiki zikiwafagia, yeye huzaliana na kumwaga sumu inayochubua ukuta wa utumbo. Klindamaisini, sefalosporini na fluorokwinoloni zinajulikana zaidi kwa hilo.

Madaktari wanaoongeza siku za dawa wana sababu. Kinga ya mgonjwa wa saratani mara nyingi ni dhaifu, na kidonda kikitunga usaha, kemotherapia huahirishwa. Hofu hiyo naielewa. Tena dozi ya kabla ya kupasuliwa ina ushahidi wa kutosha: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa. Lakini mwongozo huohuo unakataa kuendeleza dawa za kinga upasuaji ukishamalizika, na hapo nasimama nao. Siku tano za "tahadhari" hazimwongezei mgonjwa ulinzi, zinamharibia utumbo. Na kuhara huku nako huahirisha kemotherapia, kwa hiyo hoja ya kuharakisha matibabu inawageukia wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Penye homa, usaha au mshono wa utumbo unaovuja, hiyo si kinga tena, ni tiba, na kumnyima mgonjwa antibayotiki kwa kuogopa kuhara kunaweza kumuua.

Ugumu ni kwamba ugonjwa wenyewe hujificha. Utumbo uliolala baada ya upasuaji unaweza kuvimbisha tumbo bila kuhara kabisa. Dalili pia huweza kuanza wiki kadhaa baada ya dawa kwisha, mgonjwa akiwa nyumbani. Tiba yake, antibayotiki iitwayo vankomaisini, humezwa, kwa kuwa ya kudungwa mshipani haifiki utumboni ipasavyo. Hata hivyo, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 huugua tena. Mbegu za bakteria huyu haziuawi na kitakasa mikono chenye alkoholi. Anayemhudumia anawe kwa sabuni na maji, na kabla ya kumpa dawa ya kufunga tumbo amweleze daktari kwamba mgonjwa alitumia antibayotiki, hata kama ni mwezi uliopita.