Marehemu mwalimu hakuwa wa kandanda tu

Mwandishi wa habari ya kifo cha mwalimu wetu wa michezo anasema atakumbukwa zaidi kwa vijana aliowanoa miaka ile timu ya Ndanda ya Mtwara inapanda Ligi Kuu, 2014. Hilo silipingi, ila sisi wa Chikongola, humu humu Mtwara, tuliomjua kwenye mpira wa pete tunaona habari imeacha nusu ya kazi yake. Pete za magoli alizichomelesha kwa nondo, kwa hela yake mwenyewe. Mazoezini macho yake yalikuwa miguuni: ukidaka mpira, ukainua mguu uliotua nao ukaurudisha chini kabla hujatoa pasi, filimbi, hata kama timu nzima inakushangilia. Na korosho zikianza kuanguka mwezi wa kumi, mabinti wakapotelea mashambani kuokota, alipanda baiskeli akaenda kuongea na wazazi mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka wakakubali kuwaachia jioni. Binti yangu alifika UMISETA, michezo ya shule za sekondari, kwa sababu ya safari hizo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Enyi mliocheza chini yake, nani kati yenu yuko tayari kuwasimamia hawa wadogo aliowaacha? Mimi jioni nipo.