Pointi za Kadi Ziwe Nauli ya Nyumbani

Ukitafuta mtandaoni ushauri wa kusafiri kwa pointi za kadi ya mkopo, mwingi utakaoupata umeandikwa na Wamarekani wanaowaza likizo: daraja la kwanza, hoteli ya Maldives, picha za glasi mawinguni. Sina ugomvi nao. Lakini sisi tunaoishi Marekani huku wazazi na ndugu wakiwa Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi tuna safari za aina nyingine, na baadhi yake hazina tarehe. Mzee akilazwa hali ikiwa mbaya, hakuna anayesubiri nauli ishuke. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya pointi kwa mtu wa diaspora ni hiyo, safari ya ugonjwa na msiba. Likizo ya Desemba ifuate. Daraja la kwanza linaweza kungoja.

Nasema hivi kwa sababu vikundi vyetu vya WhatsApp vinachangishana nauli mara nyingi mno. Kuchangiana ni jambo jema na sitaki tuliache. Linaloniuma ni kwamba wengi wetu tunaotuma hizo dola hamsini hamsini tuna kadi mfukoni inayolipia mafuta, chakula na bima mwaka mzima, halafu pointi zake tunazigeuza vocha ya duka au hatuzigusi kabisa.

Ili uzitumie vizuri ni lazima ujue zinatoka wapi. Unapolipa kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei fedha yote. Hapa Marekani hukatwa kiasi kinachozunguka asilimia 2, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi. Benki nayo hukurudishia kipande kwa jina la pointi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato hayo ya benki kwenye kadi za mkopo za watu binafsi kuanzia Desemba 2015, ndiyo maana binamu yako aliyeko Ujerumani au Ubelgiji haoni zawadi kubwa kama za huku. Marekani, sheria ya 2010 iliyabana makato ya kadi za debiti (zinazokata fedha moja kwa moja kwenye akaunti yako) za benki kubwa na kuziacha za mkopo. Kwa hiyo anayelipa kila kitu kwa debiti hapati pointi za maana, ingawa bei anayolipa dukani ni ile ile.

Chanzo cha pili cha pointi ni riba wanayolipa wenye madeni ya kadi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani na wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) walikadiria kwamba zawadi za kadi huhamisha takriban dola bilioni 15 kila mwaka kutoka maeneo maskini kwenda ya matajiri, na kutoka kwa wenye elimu ndogo kwenda kwa wenye elimu kubwa. Wageni wapya, ambao hakuna aliyewafundisha jinsi kadi hizi zinavyofanya kazi, ni rahisi sana kuangukia upande wa wanaolipa. Tangu 2023 wastani wa riba za kadi umepita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibeba deni la dola 3,000 mwaka mzima, utalipa zaidi ya dola 600 za riba. Pointi ulizopata kwa matumizi hayo hayo, kwa kiwango cha pointi moja kwa dola, zina thamani ya kama dola 30. Mwenye deni la kadi aliweke kando jambo la pointi mpaka deni liishe. Asiye na deni aiamuru benki imkate bili yote ya kadi ya mwezi kwa tarehe yake, yaani yote, kwa kuwa kile kiwango cha chini wanachokuandikia kwenye bili kimewekwa kwa faida yao.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi kuliko Wamarekani wenyewe. Programu nyingi za kutuma pesa nyumbani hukubali kadi ya mkopo, na mtu hufikiri amepata njia ya kuvuna pointi kwa fedha ambazo angezituma hata hivyo. Benki nyingi huyahesabu malipo hayo kama kutoa fedha taslimu: unatozwa ada, riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, na pointi hupati. Tuma kutoka akaunti ya benki. Na kwa sadaka, hata kama kanisa au msikiti una mashine ya kadi, napenda tutoe taslimu au kwa akaunti, maana makato niliyoyataja yanatoka kwenye sadaka yenyewe.

Baada ya hayo, zivune. Pointi nyingi hutokana na bonasi ya kufungua kadi kuliko na matumizi ya kila siku. Chase Sapphire Preferred, kadi ya benki ya Chase yenye ada ya dola 95 kwa mwaka, mara nyingi hutoa pointi 60,000 au zaidi kwa anayetumia dola elfu kadhaa ndani ya miezi mitatu. Usinunue televisheni ili kufikisha kiasi hicho. Subiri mwezi ambao una malipo makubwa yasiyokwepeka, kama bima ya gari ya miezi sita, matairi au ada ya chuo kama chuo hakitozi nyongeza kwa kadi, ndipo uombe kadi. Kodi ya nyumba kwa kawaida haifai, kwa kuwa wenye nyumba wengi wanaopokea kadi huongeza karibu asilimia 3 inayomeza faida yote. Usiombe kadi ovyo pia: Chase kwa kawaida humkataa aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, katika miezi 24 iliyopita.

Aliyefika juzi, asiye na historia ya mikopo, aanze na kadi ya dhamana. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, na hiyo ndiyo inakuwa kikomo chako. Ukilipa kwa wakati mwaka mmoja hivi, kadi nzuri zinaanza kufunguka.

Sasa kuzitumia, na hapa ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi. Pointi za Chase, American Express, Capital One na Citi zinaweza kuhamishiwa kwenye mashirika ya ndege, na kuhama huko hakuna kurudi. Ziache benki mpaka uone kiti kwa macho yako, kisha hamisha. Usizibadilishe kuwa fedha za kupunguza bili. American Express, kwa mfano, hulipa senti 0.6 tu kwa pointi ukifanya hivyo.

Njia za kwenda kwetu ziko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Ethiopian Airlines inaruka kutoka Washington, Newark, Chicago na Atlanta, na kutoka Addis Ababa inafika Nairobi, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Zanzibar, Entebbe, Kigali na Bujumbura. Tangu Desemba 2011 imo katika Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, kwa hiyo viti vyake unaweza kuvilipia kwa pointi za Aeroplan, mpango wa Air Canada, au za United, na zote mbili hupokea pointi kutoka Chase. Naipenda zaidi Aeroplan kwa sababu tangu Novemba 2020 haitozi nyongeza za mafuta za mashirika, unalipa kodi za viwanja na ada ndogo. Wenye kupitia Amsterdam au Paris watumie Flying Blue, mpango wa KLM na Air France, unaopokea pointi za benki zote nne nilizozitaja. Mwenye familia asikilize hili: Flying Blue humpunguzia mtoto wa miaka 2 hadi 11 asilimia 25 ya pointi. Wapenzi wa Qatar Airways wakusanye pointi ziitwazo Avios, ambazo shirika hilo limekuwa likizitumia tangu 2022.

Kabla ya kukubali, piga hesabu. Tuseme tiketi inauzwa dola 1,450, na kwa pointi unatakiwa 65,000 pamoja na kodi ya dola 150. Umeokoa dola 1,300. Gawanya kwa 65,000, kila pointi imekulipa senti 2. Hapo umefanya vizuri sana. Ikishuka chini ya senti moja, lipa fedha na uzitunze pointi.

Desemba ni ngumu, na anayekwambia vinginevyo anakudanganya. Kila mtu anataka kufika kabla ya Krismasi, viti vya pointi vinakwisha mapema na bei zake zinapanda. Mashirika mengi hufungua ratiba karibu miezi kumi na moja kabla, kwa hiyo safari ya Desemba itafutwe Januari na Februari. Mwenye ruhusa ya kazi inayobadilika aende Februari au Mei, atalipa pointi pungufu.

Safari ya msiba ina mwenendo tofauti. Tiketi ya fedha ya siku mbili mbele huwa ghali kupita kiasi, lakini shirika likiona viti havitauzwa mara nyingi huviachia wenye pointi siku za mwisho. Tafuta kutoka viwanja kadhaa. Anayekaa Columbus asing'ang'anie kuanzia Columbus kama kiti kipo kutoka Chicago au Washington, basi au ndege ndogo itamfikisha. Uhamisho wa pointi kwenda Aeroplan au Flying Blue kwa kawaida huchukua dakika chache. Ndiyo maana nasisitiza kila kaya iwe na akiba ya pointi isiyoguswa, inayotosha tiketi moja ya kwenda na kurudi. Wasiziguse kwa ajili ya likizo ya Cancún, wasiziguse hata kwa Desemba. Kikundi cha WhatsApp kitaendelea kuchanga, ila mchango utakwenda kwenye jeneza, chakula cha waombolezaji na watoto walioachwa, badala ya kuishia kwa shirika la ndege.

Tena pointi zako zinaweza kumnunulia tiketi mtu mwingine. Mwanao anahitimu, unataka bibi yake awepo? Viza itangulie, tiketi ifuate. Tiketi ya pointi kwa kawaida huweza kufutwa kwa ada na pointi zikarudi, lakini ni ada ya bure kama viza haijatoka. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Na kwa kuwa mama wa miaka sabini hawezi kuzunguka peke yake uwanja wa Addis Ababa au Amsterdam, lipigie shirika la ndege atakayopanda, uwape namba ya tiketi, uombe msaada wa kiti cha magurudumu kuanzia kaunta ya kwanza hadi mlango wa kutokea uwanjani huku Marekani. Hauna malipo, na aliyelipiwa kwa pointi ana haki nao sawa na aliyelipa taslimu.